Hodi ya Nne

Mjukuu wangu anayesoma chuo aliniletea karatasi, akaniomba nimsaidie kuijaza. Ilikuwa dodoso la utafiti wake. Juu limeandikwa kwa herufi nzito: sababu zinazowafanya wanafunzi wa vyuo vikuu waendelee kutumia mifumo ya maktaba ya kidijitali. Chini kuna visanduku. Nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Mfumo ni rahisi kutumia. Mfumo unanifaa. Nimeridhika nao. Nikavaa miwani, nikashika kalamu, nikakaa na ile karatasi mchana kutwa bila kuweka alama hata moja. Aliporudi alinikuta nimeigeuza, naandika upande wa nyuma. "Bibi, umeniharibia dodoso," akasema. Kweli nililiharibu. Haya mnayosoma ndiyo niliyoyaandika nyuma yake, pamoja na karatasi nyingine nilizoongeza.

Nawaandikia nyie vijana mnaosomea ukutubi, na nyie wengine mnaofungua maktaba nzima kwa kidole gumba huku mmejilaza kitandani. Mimi ni mkutubi mstaafu. Kazi nimeifanya hapahapa Masasi, tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka magoti yakaanza kunigomea. Watu wananiita Mama Bahati, hata wale walionizidi umri. Nina maneno mengi na subira kidogo, mnivumilie.

Kazi nilifundishwa na Mzee Damiani, Mmakua wa Lukuledi, aliyekuwa ametunza vitabu vya misheni miaka mingi kabla ya kuja kwetu, maktaba ya Masasi. Alikuwa mfupi, mpole, na alitembea akiburuza kandambili. Lakini lilikuwepo neno moja alilolipiga marufuku, nalo ni "hakuna". Msomaji akiuliza kitabu, nawe ukamjibu hakuna, Mzee Damiani anakukabidhi fagio. Unafagia uwanja wote, kutoka mlangoni mpaka barabarani, jua kali, wasomaji wanakutazama.

"Wewe umekisoma kila kitabu humu ndani?" angeniuliza.

"Hapana, baba."

"Sasa umejuaje kama hakuna? Sema sijakiona bado. Halafu nyanyuka ukatafute."

Mwezi wangu wa kwanza uwanja ule haukuwa na jani.

Siku hizo tulikuwa na kadi. Nyie hamzijui. Kila kitabu kina kadi yake, kadi zimepangwa kwenye droo ndefu, na chini yake inapita fimbo nyembamba ya chuma inayozishika zisimwagike. Siku moja nilichomoa ile fimbo, nikasahau kuirudisha, nikabeba droo ya herufi M kwa mbwembwe kumpelekea padri mmoja. Kadi zote zikaenda sakafuni. Nilizipanga upya siku mbili nikiwa nimepiga magoti, nalia na kusoma, nasoma na kulia. Nilipomaliza nikajikuta mambo ya maji, mihogo, mikorosho na misitu nayajua kuliko mtu yeyote maktabani pale. Mzee Damiani alicheka mpaka akakohoa, akasema kila mkutubi anatakiwa aangushe droo mara moja, na nisirudie.

Halafu ikaja ile miaka kila kitu kilipofunguliwa. Nyie mmeikuta dunia imeshakuwa hivi, mnadhani ilikuwa hivi siku zote. Kabla ya hapo korosho aliuza mkulima kwa ushirika tu, redio ilikuwa moja, na chuo kikuu kilikuwa kitu cha kusikia kwa mbali. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, wakaja mitumba, zikaja redio za kila namna. Na chuo kikuu kimoja, sikitaji jina, kikafungua kituo hapa Masasi kwa ajili ya watu wanaosoma huku wakiwa kazini. Kikapangishiwa ghala la korosho lililokuwa limekaa tupu. Nikaitwa kuwa mkutubi wa kituo.

Ghala lile lilikuwa na harufu. Tulipiga deki, tukapaka chokaa, lakini mafuta ya maganda ya korosho yalikuwa yameshaingia kwenye sakafu, hayatoki. Kwenye kona nilikuta gunia tupu la salfa, ile dawa ya unga wakulima wanayopulizia mikorosho. Lilikuwa gunia la nailoni, gumu, zuri, lina maandishi ya Kiingereza upande mmoja. Nikalifua, nikalitandika mlangoni watu wafutie miguu. Mlikumbuke hilo gunia.

Baada ya muda zikaletwa kompyuta nne kwa lori, zimefungwa magodoro kila upande. Mtandao hatukuwa nao wakati huo. Kompyuta moja ilikuwa na diski kubwa ndani, imejazwa makala za wataalamu wa dunia nzima, na zile nyingine tatu zilichota kwake. Kila muhula tungetumiwa santuri mpya, zile CD, kwenye bahasha, tuziingize, makala ziongezeke. Fundi aliyekuja kuzifunga, kijana wa Dar es Salaam, aliniambia, "Mama, humu ndani kuna vitu vingi kuliko vitabu vyote ulivyowahi kuvishika tangu uanze kazi."

Nilizunguka nyuma ya ile mashine nikachungulia. Niliona waya na matundu ya kupitisha hewa.

Msinicheke. Nilikuwa nimebeba vitabu mikononi mwangu kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, najua uzito wa maarifa kwa kilo. Kuambiwa kwamba vyote vile na zaidi vimelala kwenye kisanduku ambacho ningeweza kukipakata kulinitisha. Nilipata hofu ileile niliyoipata utotoni Lukuledi nilipoingizwa kanisani mara ya kwanza, nikawa naongea kwa kunong'ona tu. Nikaweka sheria kwamba viatu vinabaki mlangoni. Jioni nilizifunika kompyuta zote nne kwa kanga zangu mwenyewe, na asubuhi nilizifunua polepole.

Kutumia kulikuwa rahisi, au ndivyo fundi alivyosema. Unaandika unachokitaka kwenye kisanduku, unabonyeza, inakuletea orodha. Isipokuwa nacho, inakuandikia sifuri.

Wanafunzi wetu walikuwa watu wazima. Walimu wa shule za msingi, wauguzi, makarani, mabwana shamba. Walitoka Nanganga, Lukuledi, Newala, wengine wakilala njiani. Wiki za kwanza walimiminika. Walivua viatu, wakaingia kwa adabu, wakakaa, wakabonyeza, wakaondoka wakisema ahsante sana Mama Bahati. Kisha hawakurudi. Nilikuwa na daftari la mahudhurio, kila jina na tarehe, na ukilipekua kurasa zote kila jina lilikuwa mara moja tu. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nakaa peke yangu na mashine nne zenye kanga.

Ndipo ikaja barua kutoka makao makuu ya chuo. Mkuu wetu wa kituo, Bwana Mbaraka, alinisomea mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa huzuni. Ilisema kwamba mwisho wa muhula atakuja mkaguzi. Daftari lisipoonyesha wanafunzi wanaorudi, kompyuta zote zitahamishiwa kituo kingine, mjini, kwenye watu wanaozihitaji.

"Wanataka wanaorudi, Mama Bahati," Bwana Mbaraka akasema. "Wa mara moja hawahesabiwi."

"Kwa hiyo sisi hatuzihitaji?"

"Ndivyo daftari lako linavyosema."

Niliumia. Niliona wazi kitakachotokea: lori litarudi, magodoro yatafungwa, na watu wa huku watarudi kusoma kitabu kimoja kinachogombewa na watu arobaini, na itaandikwa mahali kwamba waliletewa wakakataa. Lakini sikujua la kufanya, kwa sababu sikujua kwa nini hawarudi. Na mimi mwenyewe, nawaambia ukweli, zile mashine nilikuwa nazipangusa vumbi kuliko kuzitumia.

Wiki hiyohiyo akaja Mama Rashidi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mnyambe, upande wa Newala, mwanamke mrefu, mtaratibu, wa mwaka wa mwisho. Alikuwa ametoka kwake alfajiri, akapanda landrova ya mizigo, akafika kwetu mchana na vumbi mpaka kwenye kope. Kwenye utafiti wake alitaka kueleza jambo alilokuwa analiona kila mwaka darasani. Mikorosho ikipata ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, watoto wanapungua shuleni, kwa sababu familia nzima inahamia shambani kupuliza salfa. Msimamizi wake alishamrudishia kazi mara moja akisema haina hata andiko moja la mtaalamu nyuma yake. Akishindwa tena, chuo kimekwisha.

Alivua viatu, akakaa. Akaandika: ubwiri unga. Sifuri. Akaandika: ugonjwa wa mikorosho. Sifuri. Akafikiri kidogo, akaandika: korosho Newala. Sifuri. Akaweka mikono mapajani, akageuka.

"Mama Bahati, humu hakuna korosho?"

Nilikuwa nimechoka, na ile barua ilikuwa bado inanichoma. Nikasema, "Hakuna."

Akashukuru. Akainuka, akavaa viatu vyake pale kwenye gunia, akaniaga vizuri, akaenda kutafuta landrova ya kurudi. Mzee Damiani alikuwa ameshafariki wakati huo. Fagio lilikuwa limeegemea ukuta. Nililiangalia, nikageuza uso.

Sasa sikieni nilivyoelewa, maana sikuelewa kwenye semina wala kwenye kitabu cha maelekezo.

Jumamosi hiyo nilikuwa bafuni naoga. Bafu langu liko nyuma ya nyumba, la makuti. Nikasikia jirani yangu Mama Tatu anaita mlangoni. "Hodi." Nikawa na sabuni usoni. "Hodi hapa." Nikaitika, lakini kwa maji na makuti hakunisikia. "Hodi wenyewe." Kisha nikasikia kandambili zake zinaondoka. Nilipojifunga kanga na kutoka mbio, alikuwa ameshavuka njia, na sahani ya ming'oko, vile viazi mwitu vya huku kwetu, imefunikwa kawa mkononi. Nilimwona kwa mgongo. Ming'oko ya kuchemsha naipenda kupita kiasi, na ile ilikuwa inarudi ilikotoka.

Baadaye nilimfuata nikamlaumu. "Nilikuwepo, mbona uliondoka?"

Akanishangaa. "Mama Bahati, nimebisha mara tatu. Ulitaka nifanyeje, nivunje mlango?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole palepale kwake, moja, mbili, tatu. Akadhani naumwa.

Tumelelewa hivyo sote huku, Waislamu na Wakristo, Wamakonde, Wamakua, Wayao. Unabisha hodi tatu. Usipojibiwa unaondoka kwa heshima, na huendi kumsumbua mwenye nyumba siku ya pili, maana amekusikia na ana sababu zake. Anayebisha ya nne ni mtu asiye na malezi. Hata mtoto anajua.

Jumatatu niliwahi kufungua. Mimi nilikuwa na mazoea ya zamani: kila aliyekuja kutumia kompyuta nilimpa kikaratasi aandike maneno anayoyatafuta, kama tulivyofanya wakati wa kadi. Vikaratasi vilikuwa vimejaa kopo la maziwa. Nikavimwaga mezani, nikaanza kuvisoma. Mwalimu wa Nanganga, mistari mitatu. Muuguzi wa Newala, mistari mitatu. Karani wa mahakama, mitatu. Bwana shamba wa Lukuledi, mitatu. Nilivisoma vyote. Wapo walioandika mmoja au miwili, lakini wa nne sikuuona hata kwenye kikaratasi kimoja.

Watu wangu walikuwa hawajazikataa zile mashine. Walikuwa wamekuja mlangoni kwa wageni wakubwa, wakavua viatu, wakabisha kwa adabu, hawakujibiwa, wakaenda zao. Na mimi niliyekaa pale mlangoni nilikuwa nimewazidishia uzito kwa kanga zangu na kunong'ona kwangu.

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikaandika ubwiri unga, nikapata sifuri, nikajilazimisha kuendelea. Jamani, ile ya nne ilinipa aibu ya kweli, nikiwa peke yangu chumbani. Nilihisi kama kuna mtu ndani anayesema huyu mama vipi. Nikabisha ya tano, ya sita. Korosho. Mkorosho. Magonjwa ya maua. Sifuri tupu. Nikainuka kwenda mlangoni kupunga hewa, nikasimama juu ya lile gunia nikiwa pekupeku, na nikainamisha kichwa.

Maandishi yalikuwa yamefifia kwa miguu ya watu, lakini yanasomeka. Yalieleza dawa ile ni ya nini. Kulikuwa na jina la mkorosho kwa Kiingereza, ambalo kila mtu hapa analijua, ila hakuna aliyefikiria kuisemesha nalo ile mashine ya Kiingereza, na maneno mawili niliyokuwa siyajui, jina la Kiingereza la ule ukungu mweupe. Wanafunzi wote walikuwa wamesimama juu ya maneno hayo wakivua viatu. Mama Rashidi alisimama juu yake mara mbili, kuingia na kutoka.

Nikalikokota gunia mpaka kwenye kompyuta, nikaliweka mapajani, nikanakili herufi moja moja. Nikabonyeza.

Orodha ilianza kushuka. Ikashuka, ikafika chini ya kioo, na pembeni kukawa na alama inayoonyesha kwamba inaendelea. Nilibonyeza na kubonyeza. Kulikuwa na watu India walioandika kuhusu ukungu uleule. Kulikuwa na watu Brazili, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mkorosho asili yake ni huko, mimi niliyedhani uliumbwa pamoja na Masasi. Halafu nikaona neno nikadhani macho yananidanganya. Newala. Mtu alikuwa amekuja, amepima maua ya mikorosho yetu, ameandika, na maneno yake yamezunguka dunia na kurudi kwenye ghala la korosho, yakakaa kimya kwenye diski miezi mitatu yakitusubiri. Nilipiga ishara ya msalaba. Sijui kama ni sawa kuipigia kompyuta, lakini nilipiga.

Kisha nikachukua fagio. Nikafagia uwanja wote mpaka barabarani. Bwana Mbaraka alipofika aliniuliza kwani mhudumu wa usafi hakuja. Nikamwambia amekuja, ila hili ni langu.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa nikapanda landrova kwenda Mnyambe, na kurasa nilizochapa zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nyumba ya Mama Rashidi haikunisumbua kuipata. Ilikuwa na bati, mfereji wa kukinga mvua unaoingia kwenye kisima cha saruji, na mlango wa buluu. Nikasimama.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi hapa."

Kuku walipita.

"Hodi wenyewe."

Miguu yangu ikageuka yenyewe. Nawaambia, nilikuwa nimeshapiga hatua nne kurudi njiani, mimi niliyetoka Masasi kwa ajili ya jambo hilohilo. Malezi si mchezo. Nikasimama, nikarudi, nikavuta pumzi.

"Hodi, Mama Rashidi. Ni mimi wa maktaba, siondoki."

"Karibu," sauti ikatoka mbali. "Nilikuwa nyuma huku, sikusikia."

Akatokea na vumbi la korosho mikononi, alikuwa anachambua. "Shikamoo, Mama Bahati."

"Marahaba, mwanangu."

"Umefuata nini huku kwetu kusiko na maji?" Watu wa Masasi tunawatania wale wa juu, wa Newala, kwamba wanakunywa mvua, basi alinianza yeye.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikwambia hakuna."

Akatandika mkeka. Nikamweleza yote, ya bafuni, ya vikaratasi, ya gunia. Kwenye gunia alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu nikampa zile kurasa. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye jina la Newala kidole kikasimama.

"Nani aliwaambia hawa habari zetu?" akauliza, taratibu kabisa.

"Sijui. Lakini wamekuja, wameona, wameandika."

"Na mimi nilidhani ni jambo la hapa tu. Nilidhani msimamizi anasema kweli, kwamba nimelitunga." Akaziweka kurasa mapajani. "Mama Bahati, mimi nilibisha pale mara tatu. Sikutaka kujilazimisha kwa watu."

Akaingia ndani, akatoka na barua. Ilikuwa ya kuacha chuo, ameshaisaini, anasubiri mtu wa kumpelekea. Nilidhani ataichana. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, karatasi haichani. Aliigeuza upande wa nyuma, akaniomba kalamu, akaanza kunakili yale maneno ya kwenye gunia.

Wiki ile alikuja Masasi, na ya pili akaja tena na wenzake wawili. Kanga nikaziondoa nikazirudisha kabatini. Nikanunua daftari kubwa, nikalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, na juu yake nikaandika "Hodi ya Nne". Sheria ilikuwa moja. Ukibisha ukakosa, andika kushoto neno ulilotumia. Ukija kupata, andika kulia neno lililokufungulia. Usiondoke bila kuacha kitu, kama vile usivyorudisha sahani ya jirani tupu.

Nikawafundisha na mbinu, ambazo hata leo zinafaa. Punguza maneno: Mama Rashidi angeandika Newala peke yake, angepata kitu siku ile ile. Neno dogo likikataa, panda kwenye neno kubwa zaidi. Ukipata makala moja nzuri, nenda mwisho wake ukaone mwandishi alisoma nini, ukayafuate hayo. Na maneno yaangalie kila mahali, kwenye chupa ya dawa, kwenye gunia, kwenye kadi ya kliniki. Muuguzi wa Newala alipata neno lake kwenye boksi la glavu.

Wakaanza kurudi. Na hapa ndipo nyie wenye visanduku mnisikilize. Walirudi kutafuta, ndiyo. Lakini niliona kwamba kila anayeingia, kabla hajagusa kompyuta, anapekua daftari kwanza. Anaangalia kama swali lake la wiki iliyopita limeshapata jibu upande wa kulia. Anaangalia kama neno lake limemsaidia mtu, maana mtu akisaidiwa aliandika ahsante pembeni. Bwana shamba wa Lukuledi alikuwa anakuja hata akiwa hana kazi ya chuo, anasema amepita tu kusalimia. Ulishaona mtu anasalimia kompyuta?

Mkaguzi alifika mwisho wa muhula, kijana nadhifu, viatu vinang'aa, akagoma kidogo kuvivua. Alisoma daftari la mahudhurio akinyanyua nyusi, kisha akataka kujaribu mfumo mwenyewe. Chumba kilikuwa kimejaa, Mama Rashidi akiwa kwenye meza ya pembeni. Kijana aliandika jambo lake, akakosa. Akaandika tena, akakosa. Ya tatu, sifuri. Akasafisha koo, akasukuma kiti nyuma ili ainuke.

"Kaa, mwanangu," Mama Rashidi akamwambia bila kugeuka. "Hapa kwetu tunabisha ya nne."

Chumba kizima kilicheka, na yeye akacheka, akakaa. Waliohangaika naye walikuwa watatu, mmoja kashika daftari, na kijana alipopata alichokitaka aliandika mwenyewe upande wa kulia. Kompyuta hazikuhamishwa. Zilikaa kwetu mpaka zikafa kwa uzee, zikaja nyingine, ukaja mtandao, na mimi nikastaafu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayaandika nyuma ya dodoso. Mjukuu wangu alisoma akiwa amesimama, halafu akakaa karibu nami. Akatoa simu yake, akafungua maktaba ya chuo chake, akanipa. "Bibi, tafuta chochote."

Mimi bado naogopa. Kwamba ghala lile lote, diski ile yote, na mengine yasiyo na mwisho, yamekaa kwenye kitu ninachoweza kukifungia kwenye pindo la kanga, sijazoea na sitaki kuzoea. Nikaandika kwa kidole kimoja yale maneno mawili ya kwanza kabisa, yaliyokataliwa: ubwiri unga. Nilijua yataleta sifuri. Nilitaka tu kumwonyesha sifuri inavyofanana.

Ikaleta moja.

Ilikuwa tasnifu, kurasa za zamani zilizopigwa picha, herufi za taipureta zimeegemea upande. Mahudhurio ya wanafunzi katika msimu wa ubwiri unga, Mnyambe, Newala. Na jina la mwandishi lilikuwa jina kamili la mwalimu mrefu, mtaratibu, ambaye sisi sote tulimwita Mama Rashidi. Ile mashine ambayo ilikuwa hailijui neno letu sasa inalijua, na imelijua kutoka kwake. Mtu yeyote wa Mnyambe akibisha leo kwa Kiswahili chake, anayemfungulia ni Mama Rashidi. Nilimrudishia mtoto simu yake, kwa sababu nilikuwa siioni vizuri tena.

Nilipotulia nikachukua yangu ya batani, nikampigia Mama Rashidi. Iliita mpaka ikakatika, haikupokelewa. Nikapiga ya pili, hivyohivyo. Nikapiga ya tatu. Mjukuu wangu akasema, "Muache, Bibi, labda ana shughuli."

Nikapiga tena. Akapokea, alikuwa nyuma ya nyumba.